Kuonja Si Kula

Jikoni kwa chuo kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: chumvi ina mkono mmoja. Mpishi mkuu ndiye aliyeitia, na hakuna mwingine aliyegusa kopo lake. Sababu ilikuwa ya maana. Sufuria kubwa ya maharage ikipitiwa na mikono miwili, kila mmoja akidhani mwenzake hajatia, wanafunzi mia nne watashinda siku nzima wakitafuta maji. Jambo hilo liliwahi kutokea zamani, na tangu hapo sheria ikakaa.

Mpishi mkuu wa sasa wanafunzi walimwita Mzee Mwiko. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mrefu, mwenye tumbo lililoanza kutangulia mbele yake, na kila siku alionja sufuria zote sita. Alichota kwa mwiko, akamimina kiganjani, akalamba, akafumba macho kama mtu anayesali. Halafu aliongeza chumvi kidogo, akakoroga, akaonja tena. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na mbili, na hakuna siku aliyochelewesha chakula, hata siku ya tatu baada ya kumzika mke wake.

Kila mwaka watu wa jikoni hupimwa afya. Mwaka huo muuguzi wa zahanati ya chuo, binti mmoja mpole aliyezoea kuchekesha watu wanaoogopa sindano, alimfunga Mzee Mwiko ule mkanda wa kupimia presha, akatazama namba, akaufungua, akamfunga mkono wa pili.

"Mzee, umekuja mbio?"

"Nimekuja taratibu kama bwana harusi."

"Basi kaa dakika tano. Usizungumze, usikunje miguu."

Alikaa. Muuguzi akapima tena, safari hii hakutania. Mia na themanini na mbili juu, mia na kumi na mbili chini. Akainuka kwenda kumwita daktari.

Daktari alikuwa mama mwenye sauti ya chini, anayekuja chuoni kila Alhamisi. Alimuuliza kama anaumwa kichwa, kama anaona ukungu, kama kifua kinambana.

"Siumwi kitu, Daktari. Ila magoti, na hayo nina vidonge vyake. Nanunua mwenyewe dukani."

"Kila siku?"

"Kila siku. Wakati mwingine mara mbili."

"Hivyo vinapandisha presha. Acha kuanzia leo, nitakupa kitu kingine cha magoti." Akaandika. "Na kutoumwa kusikudanganye. Presha haibishi hodi. Inakaa sebuleni mwako miaka, unakuja kuiona siku imevunja ukuta. Baba yako alikuwa nayo?"

"Baba alianguka shambani, hakuamka. Tulisema ni jua."

Daktari aliandika na hilo. Kisha akampa dawa ya kumeza kila asubuhi, akamwambia apunguze chumvi, atembee, alale vya kutosha, apunguze tumbo. Na mwisho akasema lile ambalo Mzee Mwiko hakulitegemea.

"Unasimama mbele ya mafuta ya moto na maji yanayochemka. Ukianguka pale, hutaungua peke yako. Nakupa wiki sita. Namba ya juu ikishuka chini ya mia na hamsini, nakusainia. Isiposhuka, utapumzika nyumbani."

Neno "nyumbani" ndilo lililomtisha kuliko zile namba.

Nyumbani kulikuwa vyumba viwili na meza yenye viti viwili. Mke wake alikuwa amefariki miezi kumi na minne iliyopita. Binti yao pekee aliolewa mbali, akawa anapiga simu Jumapili baada ya ibada, wakaulizana hali, wakaambiana "nzuri", na simu ikakatwa. Siku nyingine sita hakuna sauti iliyoingia katika nyumba ile isipokuwa ya redio. Jikoni kwa chuo, kinyume chake, mfuniko ulianguka, mtu alipiga kelele, mwingine alicheka, na kila asubuhi Dada Kisu, mkata mboga, alimsalimu kwa utani: "Kaka, umeamka au umeletwa?" Mzee Mwiko hakuwa mtu wa kujibu utani, lakini aliusubiri.

Tena kulikuwa na aibu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Alijua kupika wali wa watu mia nne. Wali wa mtu mmoja hakuujua. Mke wake ndiye aliyempikia maisha yote, na jaribio lake la kwanza baada ya msiba lilitoa sufuria ambayo ingeweza kulisha timu ya mpira na mwamuzi wao. Aliutazama wali ule hadi ukapoa. Tangu siku hiyo, jioni alikula kiganja cha karanga za chumvi, akanywa maji, akalala.

Usiku ule, kabla ya kulala, alipiga magoti yake mabovu kando ya kitanda. "Ee Mungu," alisema, "kama ni kuniondoa, niondoe nikiwa kwenye kelele za sufuria. Usiniache kwenye ukimya huu." Kisha akaona aibu, maana alikuwa anampangia Mungu kazi. Akaanza sala upya, akaomba nguvu tu.

Muuguzi alikuwa amempa daftari. Aandike kwa wiki moja kila kitu anachokula. Aliandika kwa uaminifu, kama mtu anayejua kwamba kuna Msomaji mwingine juu ya muuguzi. *Asubuhi: chai, vipande viwili vya mkate. Mchana: sikula. Jioni: karanga.* Siku saba, mistari ileile.

Wiki ilipoisha akapimwa. Mia na sabini na nne kwa mia na sita. Muuguzi aligeuza kurasa za daftari mbele na nyuma.

"Karanga za chumvi?"

"Za chumvi."

"Hizo ziache. Lakini haya mengine… Mzee, huyu ni mtu anayefunga. Dawa unameza?"

"Kila asubuhi baada ya sala."

"Vidonge vya magoti?"

"Nilivitupa chooni."

Muuguzi aliuma kalamu. "Kesho nitakuja jikoni nikuone unavyofanya kazi."

Alikuja saa nne asubuhi, akasimama kando ya mlango, mikono nyuma. Dada Kisu alikuwa anakata kabichi, kisu kikienda haraka kama cherehani.

"Karibu, Muuguzi. Umekuja kutupima au kuonja?"

"Nimekuja kutazama tu, Mama."

"Tazama, lakini usimtazame sana Kaka. Akitazamwa hupandisha mabega."

Mzee Mwiko alipandisha mabega kweli. Alipita sufuria ya kwanza, akalamba kiganja, akatia chumvi, akaonja tena. Akachukua vile vijiwe vya supu vinavyofungwa kwa karatasi, akavunja vinne, akakoroga, akaonja. Akaenda ya pili. Muuguzi alihesabu kwa vidole mpaka vidole vikaisha, akaanza upya. Mwisho alisogea.

"Mzee, mbona haya hayamo kwenye daftari?"

"Yapi?"

"Hayo unayolamba."

"Haya si chakula," alisema Mzee Mwiko, kwa upole, kama anayemfafanulia mtoto aya ngumu. "Haya ni kazi. Kuonja si kula."

Muuguzi hakubishana. Aliomba bakuli safi. "Kila unapotaka kuonja, kionjo kimoja mdomoni na kingine kama hicho humu. Tuone."

Waliendelea mpaka sufuria ya sita. Bakuli lilijaa, likaletwa la pili, nalo likafika nusu. Hapo ni mzunguko wa mchana tu, na wa jioni ulikuwa bado. Watu wa jikoni walikusanyika. Muosha sufuria aliangua kicheko, "Mzee Mwiko, kumbe wewe ndiye mwanafunzi wa mia nne na moja!" Hata mwenyewe alitabasamu.

Muuguzi alichovya kijiko kwenye bakuli, akakipeleka mdomoni. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Mzee, hii chumvi ni kali! Wewe unaisikia?"

"Naisikia ya kiasi."

"Ulimi uliozoea chumvi husikia kidogo, unadai zaidi, ukipewa unasikia kidogo tena. Ndivyo unavyokwenda." Akageuka kwa wengine. "Lakini wanafunzi wanakulaje hivi? Mbona hawalalamiki?"

Kisu cha Dada Kisu kilisimama. Muosha sufuria akakumbuka kwamba ana sufuria za kuosha.

"Dada," alisema Mzee Mwiko. "Mbona mmenyamaza?"

Dada Kisu aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni polepole sana. "Kaka, usinikasirikie. Ukishaonja, ukienda kunawa na kuandika kwenye kile kitabu cha stoo, mimi natia maji. Jagi mbili kila sufuria. Kwenye maharage natia viazi vibichi vinyonye chumvi, halafu navitoa kabla hujarudi."

"Tangu lini?"

"Tangu msiba."

"Na wote mnajua?"

Alitazama nyuso zao moja moja, na kila uso ulipata kitu cha kutazama sakafuni. Alivua aproni, akaitundika kwenye msumari wake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nyuma ya jiko palikuwa na kreti tupu za mboga. Alikaa juu ya mojawapo. Hakuwa na hasira, na hilo lilimshangaza. Alichosikia ni baridi ndani ya kifua. Miezi kumi na minne alidhani yuko katikati ya watu, kumbe walikuwa wakimzunguka kwa kunyata, kama watu wanavyozunguka kitanda cha mgonjwa aliyelala. Kila mchana aliandika kitabuni "chakula kimekaa sawa", na chakula alichokisifu hakikuwahi kufika mezani.

Dada Kisu alimfuata baada ya muda. Alivuta kreti, akakaa, kreti ikalia.

"Ikivunjika useme ilikuwa mbovu," alisema. Kisha akaacha utani. "Kaka."

"Mngeniambia."

"Siku ya kwanza nilitaka. Ukaonja mchuzi, ukafumba macho, ukasema, 'Leo umekaa kama zamani.' Mdomo ukanifia. Ningekuambiaje? Mke hayupo, mtoto yuko mbali. Ulikuwa umebaki na hilo kopo la chumvi tu. Nikunyang'anye na hilo?"

Mzee Mwiko alitazama mikono yake. Kiganja cha kulia kilikuwa na wekundu wa kudumu, mahali mchuzi wa moto ulipotua maelfu ya mara.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema mwishowe. "Mimi sikuficha. Sikujua kama ninayo."

"Sisi ndio tulioficha," alisema Dada Kisu. "Kosa ni letu nusu."

"Robo," alisema yeye. Ilikuwa mara ya kwanza kumtania.

Asubuhi iliyofuata, kabla moto haujashika, alimwita Dada Kisu mbele ya wote, akamkabidhi kopo.

"Sheria ni mkono mmoja. Kuanzia leo mkono ni wako. Na hivi vijiwe vya supu vitoke stoo. Tutatumia kitunguu, tangawizi na ndimu."

Dada Kisu alilipokea kwa mikono miwili. "Kaka, nikilishika sirudishi. Mimi nikipewa cheo huvimba mpaka mlango unakuwa mdogo."

"Vimba tu. Mimi nitaangalia moto na wali."

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko alivyotazamia. Mkono wake ulichota mwiko wenyewe bila kuagizwa, na mara mbili Dada Kisu alimpiga kiganja kama mtoto mwizi wa sukari. Sahani ya mchana, ambayo sasa alitakiwa kuila akiwa amekaa, ilikuwa kama karatasi iliyoloweshwa. "Vumilia," alisema muuguzi. "Ulimi nao huenda shule. Unachukua wiki kadhaa kujifunza."

Jioni aliacha kupanda gari, akarudi kwa miguu. Mwanzoni magoti yalilalamika mpaka kwenye duka la vifaa vya ujenzi, baadaye mpaka kwenye kibanda cha fundi viatu tu, baadaye yakanyamaza. Fundi viatu alikuwa akimwinulia nyundo badala ya mkono. Hawakuwahi kuzungumza, ila siku nyundo haikuinuliwa kwa sababu kibanda kilifungwa, Mzee Mwiko aliwaza juu yake usiku wote.

Na alijifunza kupika kwa ajili ya mtu mmoja. Alinunua kisufuria kidogo sana hata muuzaji akamuuliza kama ni cha mjukuu. Nusu kikombe cha mchele, maji kikombe kimoja, mboga za majani kiasi cha konzi. Mara ya kwanza alipika wa watu watatu, mara ya nne akapatia. Aliweka sahani mezani, akashukuru, akainua kichwa, na mbele yake kikawa kiti kile kingine. Alikula bila kukitazama, kisha siku moja akakitazama. Alilia kwa sauti, peke yake, mpaka chakula kikapoa, na usiku ule alilala saa saba mfululizo, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba.

Alimsimulia muuguzi habari za kulala, si za kulia. Lakini muuguzi alikuwa na masikio.

"Huzuni ikikaa ndani nayo hupandisha, Mzee. Inakunyima usingizi, inakuondolea hamu ya kula, inakukalisha kitini. Unazungumza na mtu?"

"Nazungumza na Mungu."

"Vizuri sana. Yeye anasikia. Lakini mtu mmoja wa kukujibu 'pole' naye huna?"

Aliondoka amenuna. Binti mdogo kiasi kile anamfundisha sala! Alipofika kwa fundi viatu alikuwa ameshamsamehe, ila swali halikumwacha.

Wiki ya sita ilifika. Alikaa dakika tano bila kunena, miguu imetulia, akiomba kimoyomoyo. Daktari mwenyewe ndiye aliyepima, mara mbili.

"Mia na arobaini na nne. Tisini chini," alisema. "Bado kuna njia mbele, lakini umeshuka mlima mkubwa. Tumbo nalo limerudi nyuma." Akatia saini. "Dawa usiache. Watu wakisikia imeshuka wanaacha, nayo inarudi na ndugu zake."

"Siachi, Daktari. Mungu akubariki."

Alitoka na karatasi mkononi, akaenda moja kwa moja jikoni, hatua zikiwa ndefu kuliko kawaida. Alikuwa amekwisha panga atakavyosema. Angesimama mlangoni, asiseme neno, aiinue tu.

Mlango ulikuwa na kufuli.

Alitazama dirishani. Sufuria sita zilikuwa zimepinduliwa, zimekauka. Meza ya kukatia imesuguliwa, aproni zote hazipo kwenye misumari. Chuo kilikuwa kimefunga asubuhi ile kwa likizo ya wiki tano. Yeye mwenyewe ndiye aliyesaini karatasi ya kufunga stoo jana yake, na wenzake walimuaga, wakamtakia heri ya kipimo. Lakini wiki zote sita akili yake ilikuwa imekaza macho kwenye tarehe moja, na ng'ambo ya tarehe hiyo hakuona kitu.

Basi alikuwa ameupata ukimya uleule, ila huu ulikuwa na madirisha makubwa zaidi.

Alimpigia binti yake. Simu iliita mpaka ikakata. Ilikuwa siku ya kazi, hangemlaumu. Alisimama akiwa na simu mkono mmoja na karatasi mkono mwingine, akasali akiwa amefumbua macho, sala fupi isiyo na maneno mazuri: "Bwana, sasa nifanye nini?" Hakusikia sauti. Alisikia tu njiwa juu ya bati. Akatafuta jina jingine kwenye simu. Lilikuwemo miaka mingi, na hakuwahi kulipigia isipokuwa kuuliza mbona kabichi limechelewa.

"Kaka!" Nyuma ya sauti yake kulikuwa na watoto wanagombana na redio imefunguliwa hadi mwisho. "Umepona au umekufa?"

"Mia na arobaini na nne."

"Ndiyo nini hiyo, namba ya nyumba?"

"Ya presha. Daktari amesaini."

Alipiga kelele ya furaha hata watoto wakanyamaza. Kisha akaanza kuwaeleza watu wa nyumba yake, na Mzee Mwiko akawasikia watu asiowajua wakimshukuru Mungu kwa ajili yake. Mtu mzima mmoja aliuliza, "Ndiye yule wa chumvi?" Akajibiwa, "Ndiye, na wewe naye punguza."

"Haya, Kaka, nimefurahi sana," alisema Dada Kisu. "Upumzike sasa."

Hapo ndipo mtu huaga. Alifungua mdomo aage.

"Dada," alisema, "unakaa wapi?"

Upande wa pili redio ikapunguzwa sauti.

"Miaka kumi na miwili," alisema Dada Kisu, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "miaka kumi na miwili tunasimama meza moja, ndiyo kwanza unaniuliza."

"Ndiyo kwanza nauliza."

"Unajua kiwanda cha matofali? Unakipita, unashika njia ya kushoto, si ile yenye lami, ile nyingine. Kuna duka la rangi ya kijani. Nyumba ya tatu, utasikia mume wangu anabishana na redio. Panda gari mpaka kiwandani."

"Nitatembea."

"Ni mbali, Kaka. Saa nzima."

"Nitatembea," alisema tena.

Alikunja karatasi ya daktari, akaitia mfukoni. Kiwanda cha matofali. Kushoto, si yenye lami. Duka la kijani. Aliyarudia maneno hayo kwa sauti ili asiyasahau, akapita lango la chuo, na badala ya kukata kulia kama kila siku, akakata kushoto.